Tumemdhulumu Mzee Kawawa kwa kumwita mtiifu

Ukimtaja Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu mara mbili, mbele ya watu waliokula chumvi nyingi, neno la kwanza linalowatoka ni "mtiifu". Alimtii Mwalimu Nyerere. Alikalia kiti cha Mwalimu, akakirudisha. Alipoambiwa panda alipanda, alipoambiwa shuka alishuka. Hata vijana wanaomjua kwa Barabara ya Kawawa tu, ile inayotoka Morocco ikapita Kinondoni na kushuka Magomeni, ukiwauliza alikuwa nani watakujibu hivyo hivyo: alikuwa mtu wa Nyerere.

Neno hilo husemwa kwa heshima, na wanaolisema wana nia njema. Mimi naona linamdhulumu, tena mara mbili. Linamnyang'anya mema aliyoyaamua kwa akili yake, na papo hapo linamtua mzigo wa maamuzi mazito aliyoyabeba yeye mwenyewe. Mtu aliyetumikia umma miaka mingi kiasi kile anastahili kukumbukwa akiwa mzima, na mikono yake ionekane pale ilipojenga na pale ilipoumiza.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 Matepwende, ambako leo ni Wilaya ya Namtumbo, mkoani Ruvuma. Ilikuwa miaka ishirini tu tangu Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni pale Songea, Februari 1906. Watoto wa kizazi chake walilelewa na watu walioiona Vita ya Majimaji kwa macho yao. Alisoma mpaka Tabora, shule ileile aliyopitia Mwalimu, kisha akaajiriwa serikalini katika ustawi wa jamii. Alifanya kazi na sinema za elimu kwa umma, na sura yake yenyewe ikaonekana katika filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1953 akapelekwa Urambo, kwenye kambi ya Wakikuyu waliokuwa kizuizini wakati Kenya ikiwa katika hali ya hatari.

Napenda kusimama kidogo hapo Urambo. Kijana wa miaka ishirini na saba analipwa mshahara na serikali ya kikoloni ili awahudumie watu waliofungiwa kwa kutaka ardhi yao na uhuru wao. Asubuhi anawahesabu, jioni anakaa nao. Sijui ni shule gani ya siasa ingemfundisha zaidi ya ile.

Wakati huo waraka wa serikali ulimkataza mtumishi wa umma kujiunga na chama cha siasa. TANU, chama kilichodai Uhuru, ilipozaliwa Julai 1954, makarani, walimu na matabibu wengi Waafrika waliipenda kwa siri na kuikwepa hadharani, maana kadi moja ingekatisha ajira. Kawawa akaingilia mlango uliokuwa wazi, chama cha watumishi Waafrika wa serikali, TAGSA, akawa rais wake. Mwaka 1955 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, alifika Dar es Salaam kuwashauri viongozi wa wafanyakazi waunganishe nguvu zao. Oktoba mwaka huohuo likaundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa Kawawa. Mwaka 1956 akaaga kazi ya serikali. Mwalimu alikuwa ameacha kufundisha Pugu mwaka mmoja kabla yake.

Sasa niulize: nani alimtuma? Kazi ya serikali kwa Mwafrika wa 1956 ilikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi usiokosa, likizo, na pensheni mbele ya safari. Kuiacha ili ukaongoze vyama ambavyo michango yao ilikuwa ya senti za makuli, matarishi na wapishi wa Wazungu, hiyo ni kazi ya mtu aliyekata shauri moyoni mwake. Hakuna bwana aliyeitwa Nyerere wa kumwamuru wakati huo. Historia ya Kawawa inaanza kwa kukataa, na ndiyo maana nasema neno "mtiifu" limeanza kukosea tangu ukurasa wa kwanza.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita baada ya Uhuru, Mwalimu alijiuzulu Uwaziri Mkuu akaenda kukijenga chama. Kiti akakabidhiwa Kawawa, akiwa na miaka thelathini na mitano. Katika vitabu vya shule mwaka ule unapita kwa sentensi moja, kana kwamba mtu alishikiwa mwavuli wakati anafunga kamba za viatu. Lakini miezi ile kumi na nusu ndiyo iliyotengeneza mifupa ya dola tunayoishi ndani yake hadi leo. Waafrika waliingizwa kwa kasi katika nafasi za juu za utumishi zilizoshikwa na Waingereza, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wakilidai kwa sauti kubwa kuliko yote. Nchi iliandaliwa kuwa Jamhuri. Na zikatungwa sheria mbili ambazo kila anayemheshimu Mzee Kawawa lazima azitazame usoni.

Ya kwanza ni sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Ya pili ni sheria ya migogoro ya kazi, iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Aliyekuwa akiiongoza serikali iliyopitisha sheria hizo ni yuleyule aliyekuwa Katibu Mkuu wa TFL. Alizijua njia zote za mgomo kwa sababu alizipita. Alijua mfuko wa chama unaisha siku ya ngapi, na alijua mwajiri anaanza kulegea lini. Alipoamua kuyafunga mageti, alijua yako wapi.

Wenzake wa jana ndio walioumia kwanza. Christopher Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alipelekwa London kuwa Balozi, akajiuzulu mwaka huohuo wa 1962, akarudi kuongoza upinzani. Baadaye akawekwa kizuizini. Victor Mkello, Rais wa TFL, alihamishiwa kwa nguvu Sumbawanga mwanzoni mwa 1963. Na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL yenyewe ilivunjwa na mahali pake pakawekwa NUTA, chama kimoja chini ya mkono wa serikali.

Hoja ya upande wa pili naijua, na ina uzito. Nchi changa, hazina tupu, madaktari na wahandisi wa kuhesabika, na kila wiki bandari au reli inatishiwa kusimama. Kawawa alikuwa ameshika nchi mkononi kama yai. Huenda aliamini kwa dhati kwamba mfanyakazi mwenye ajira na mkulima asiye na ajira hawawezi kupigania mkate mmoja kwa nguvu sawa, na kwamba serikali lazima imtazame mkulima kwanza. Mimi bado naona tulilipa gharama kubwa mno: vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vimejitengeneza vyenyewe vilifundishwa kusubiri maelekezo, na hadi leo vinasubiri. Lakini ukubali usikubali, huo ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye fikra zake. Ukimwita mtiifu, sheria zote za 1962 unampelekea Mwalimu, ambaye mwaka ule hakuwa hata ndani ya Baraza la Mawaziri. Unamfanya Kawawa kuwa muhuri. Muhuri hausifiwi wala haulaumiwi.

Halafu ikaja tarehe 9 Desemba 1962. Mwalimu alikuwa ameshinda uchaguzi wa Rais dhidi ya Zuberi Mtemvu, Jamhuri ikatangazwa, na Kawawa akasogea akawa Makamu wa Rais. Watu hulisimulia tukio hili kana kwamba lilikuwa jepesi. Fikirini mtu aliyeyaonja madaraka. Amesimamia mawaziri, amesoma mafaili ya usalama, maofisa wa polisi wamempigia saluti, mabalozi wameomba miadi kwake. Katika bara ambalo miaka michache baadaye viti vya namna hiyo vilianza kurudishwa kwa risasi, yeye alikirudisha kwa kalamu. Huo ni uamuzi kama ule wa 1956. Mtu aliacha pensheni, kisha akaacha Uwaziri Mkuu, na mara zote mbili alijua anachokiacha.

Na hakuishia hapo. Muungano ulipofanyika tarehe 26 Aprili 1964, Sheikh Abeid Amani Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Kawawa aliyekuwa makamu peke yake akawa wa Pili. Mwaka 1972 akarudi kuwa Waziri Mkuu. Februari 1977 Mwalimu akamteua Edward Moringe Sokoine kushika nafasi hiyo. Sokoine alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, na alikuwa Waziri wa Ulinzi. Kawawa alikwenda wapi? Wizara ya Ulinzi. Walibadilishana viti. Aliyekuwa anaongoza vikao vya mawaziri sasa anakaa upande wa meza, anaomba nafasi ya kusema kwa mtu aliyekuwa akimpa nafasi ya kusema juzi.

Nimefanya kazi katika ofisi za watu, na nimeona mtu anavyougua kwa kuhamishwa kutoka chumba chenye zulia kwenda chumba kisicho na zulia. Nimeona mkuu wa idara aliyepunguziwa cheo akikataa kukabidhi funguo za kabati kwa wiki tatu, kazi zikisimama. Kwa hiyo natazama ile 1977 kwa mshangao ambao haujaisha. Mwaka mmoja na miezi minane hivi baadaye majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Waziri wa Ulinzi wa nchi iliyokuwa vitani alikuwa mtu huyohuyo aliyeshushwa, chini ya Waziri Mkuu aliyempokea kiti. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hebu fikiria kama wawili hao wangekuwa hawasemezani.

Katika miaka yake ya pili ya Uwaziri Mkuu, 1972 hadi 1977, ndipo lilipo doa kubwa zaidi kuliko la 1962. Novemba 1973 Mwalimu alitamka kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na utekelezaji ukawa chini ya serikali iliyoongozwa na Kawawa. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa malori usiku, wengine wakiacha miembe na makaburi ya wazazi wao. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimeshavunjwa, na mwaka 1976 vikavunjwa vyama vikuu vya ushirika, vikiwamo vilivyojengwa na wakulima wenyewe tangu enzi za Mwingereza. Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kuwa kuvunja halmashauri na ushirika lilikuwa kosa, na vyote vilirudishwa katika miaka ya 1980. Kawawa alikuwa mtekelezaji hodari. Hodari huyo hakuuliza, au aliuliza tusikokusikia, je, kasi hii inamfaa mkulima? Jina lake la sifa lilikuwa Simba wa Vita, na nadhani kuna kazi ambazo hazikuhitaji simba.

Nyumbani kwake kulikuwa na mtumishi wa pili wa umma. Mama Sofia Kawawa, mkewe, aliuongoza Umoja wa Wanawake, UWT, katika miaka ya 1980, na hakuwa mke wa kukaa nyuma akikunja kanga. Mwaka 1988 alitoa kauli kuhusu ndoa ya wake wengi na haki za mwanamke, kauli iliyowaudhi Waislamu wengi. Mwezi Mei waandamanaji waliingia barabarani Zanzibar, wakakabiliana na vyombo vya dola, na watu wakapoteza maisha. Tazama sasa mahali mumewe alipokuwa ameketi: Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi, nafasi aliyoishika tangu 1982 hadi 1990. Chama ndicho kilichokuwa serikali. Dhoruba ile ilipiga ofisi yake na chumba chake cha kulala kwa wakati mmoja. Mama Sofia alibaki na wadhifa wake. Simjui mtu aliyekuwa sebuleni kwao siku zile, na siwezi kusema waliambizana nini. Lakini naona ndoa ambayo ndani yake mke alikuwa na sauti yake, na mume mwenye madaraka makubwa hakuizima. Kwa mwanamume wa umri wake na cheo chake, hilo linanieleza ubaba wake kuliko picha zote za familia. Mama Sofia alifariki mwaka 1994. Mtoto wao aliyepewa jina la Vita alikuja kuwa Mbunge wa Namtumbo, kule kule baba alikotokea.

Mzee Kawawa aliishi miaka kumi zaidi ya Mwalimu. Alikuwa na makazi na shamba lake Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam wakati huo, kabla jiji halijamfikia. Alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na miaka themanini na mitatu, na akazikwa Madale.

Siku ile nilikuwa kijijini kwetu kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Baba yangu, ambaye alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya wilaya huko kusini mpaka alipostaafu, aliisikia taarifa redioni, akanyamaza, kisha akaingia ndani. Nikasikia sanduku la bati likiburutwa kutoka mvunguni. Alirudi na bahasha ya khaki, ndani yake nakala za kaboni, zile za karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu, zimegeuka manjano na kingo zimeanza kumeng'enyeka. Alizitenga mbili juu ya mkeka.

Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1966, ya Kiingereza. Akanionyesha kwa ukucha mstari wa mwisho, juu ya jina la mkubwa wake. Alinitafsiria, ingawa nilikuwa naelewa: mimi, bwana, ninayo heshima kuwa mtumishi wako mtiifu. Kila barua ilifungwa hivyo, akasema, hata ya kuomba misumari. Alizipiga taipu barua hizo maelfu.

Ya pili ilikuwa ya mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa 1967 Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitoa agizo kwamba wizara, halmashauri, vyama vya ushirika na mashirika ya umma yafanye kazi zao za kila siku kwa Kiswahili, na Kiingereza kisichokuwa cha lazima kikome. Baraza la Kiswahili, BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka huohuo. Tunalizungumzia jambo hili kama sera. Kwa baba lilikuwa asubuhi moja ofisini, taipu ileile, na watu watano wamesimama nyuma ya kiti chake wakibishana "jalada" waliite nini, na "masjala" iandikwe vipi mlangoni. Wazee waliokuwa wakija na barua zao mfukoni kutafuta mtoto wa shule wa kuwasomea, walianza kuzisoma wenyewe pale pale kwenye baraza ya ofisi, wakifuatisha kwa kidole. Wengine, alisema, walikuwa wanarudi dirishani kubisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona wamekataliwa nini.

Niliisoma ile karatasi taratibu. Juu kushoto, Kumb. Na., na namba. Katikati, Yah:, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa herufi zilizogongwa mara mbili. Ilihusu ukarabati wa zahanati. Chini kabisa, mahali palipokuwa pa mtumishi mtiifu, baba alikuwa amepiga taipu: "Wako katika ujenzi wa Taifa."

Aliirudisha ndani ya bahasha, akaniambia nimtafutie shati lake jeupe, anataka kwenda msikitini.